Herufi ya Tatu

Kansanga, Kampala
11 Februari 2024

Binti yangu Faraja,

Nakusalimu wewe na watoto, na kabla ya yote nauliza kifua chako, maana mvua za Bukavu za mwezi huu nazikumbuka. Mimi nipo. Miguu inatembea, tumbo linapokea chakula, usingizi ndio hauna utaratibu. Siku hizi siwezi kukaa kitini nikamaliza kurasa kumi za kitabu. Nasimama, nafika mlangoni, narudi.

Najua ni miaka mitatu tangu unikatie simu. Sikuandikii kufungua maneno yale. Nakuandikia kwa kuwa wewe ni fundi wa fremu, na mimi nimekwama kwenye jambo la fremu.

Unakumbuka mashine ya gemu iliyokuwa chumba chetu cha mbele, Nyawera, kabla sijakimbia? Ulikuwa na miaka tisa. Ulipenda kusimama chini ya kile kibao cha juu chenye taa, ukanyoosha mikono ili iwe ya rangi. Basi nimeunda kabati kama lile. Plaiwudi ni mabaki ya fundi majeneza aliye jirani yangu, skrini ni ya televisheni kuukuu, vifungo nimevichomoa kwenye mashine mbovu iliyotupwa. Linafanya kazi. Waendesha boda hulicheza wakingoja abiria. Lakini halina kibao, na kabati la gemu lisilo na kibao linafanana na kabati la nguo lililopotea njia.

Nina kipande cha pleksi, ile plastiki ngumu kama kioo, urefu wa mkono mmoja na nusu. Nimejaribu kukishika kwa silikoni. Kikateleza kabla haijakauka, kikakaa upande. Nikajaribu misumari, kona ikapasuka. Wewe ungekishikaje, kwa vitu vya kuokota tu?

Jean-Claude, muuza vitenge, hupita soko la Kikuubo hapa Kampala kila baada ya wiki mbili. Nitampelekea barua hii huko huko, naye atakufikishia. Ukijibu, mpe yeye.

Papa yako


Nyawera, Bukavu
3 Machi 2024

Papa, jambo.

Sisi wazima. Kifua kimetulia. Mbona maandishi yako yamekuwa makubwa namna hii? Ukurasa mzima maneno sitini.

Usigundishe. Pleksi hupanuka ikipata joto la taa. Ukiigundisha itajikunja au itapasuka. Usipige misumari pia.

Chukua mbao mbili nyembamba. Katika kila moja chonga mfereji, upana wake uzidi kidogo unene wa pleksi. Moja ifunge juu, nyingine chini, mifereji itazamane. Ndani ya mfereji weka ukanda wa tyubu ya baiskeli uliokatwa vizuri, ili pleksi isigonge. Ingiza pleksi kutoka ubavuni, iteleze mpaka mwisho, halafu zuia kwa skrubu moja tu. Huna msumeno wa kuchongea mfereji? Gundisha vijiti viwili sambamba kwenye ubao, nafasi kati yao ndiyo mfereji. Wenye uwezo wanatumia pembe za alumini, lakini hiyo si lazima.

Ndani ya boksi la kibao paka rangi nyeupe. Utepe wa taa uweke nyuma, umbali wa kiganja, usije ukaonekana vitone vitone.

Faida ya njia hii ni kwamba kitu kinatoka na kinarudi. Wewe kila kitu ulipenda kukigundisha. Na wewe mwenyewe ulipotoka, hukurudi.

Utaandika nini juu yake?

Binti yako


Kansanga, Kampala
14 Aprili 2024

Binti yangu,

Natumaini nyote mtakuwa mmeamka vizuri siku Jean-Claude atakapobisha hodi. Mimi mzima, isipokuwa kutotulia kule nilikokwambia. Maandishi ni makubwa kwa sababu karatasi ni kubwa.

Nimefanya kama ulivyosema. Tyubu niliipata soko la Owino, kwa mzee anayeuza vipande vya mpira kwa washona viatu. Aliponiuliza baiskeli yangu ni ya aina gani nikamwambia ni ya gemu, akaniangalia kama mgonjwa. Mifereji nimeitengeneza kwa vijiti. Pleksi iliingia kwa sauti ndogo, kama droo nzuri inapofungwa, nikaitoa na kuirudisha mara tano bila sababu yoyote.

Umeuliza nitaandika nini. Nimeandika jina lako. Au niseme limeandikwa, kwa sababu mkono wangu wa kuchora herufi umepoteza uvumilivu. Nimemwomba jirani, Sharifah, ambaye huchora vibao vya saluni. Nilimtajia jina, akachora kwa rangi nyekundu juu ya njano. Nilisimama karibu nikahesabu herufi: sita. Taa ikiwaka linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Hapa hakuna anayenijua kwa jina la Augustin. Mimi ni Mzee Mkongo, na wazee Wakongo ni wengi. Kwa hiyo ikitokea siku ukaja, usihangaike kuuliza watu. Shuka Kansanga, tembea kando ya barabara ya Ggaba, tafuta kabati la bluu lenye jina lako. Mimi nitakuwa nyuma yake.

Sisemi uje. Nasema tu jinsi ya kufika.

Papa yako


Nyawera, Bukavu
9 Juni 2024

Papa,

Sisi wazima. Hali yako siulizi, nimeiona.

Nilikuja. Sikumwambia Jean-Claude wala mtu mwingine, na simu sikupiga, maana nilitaka nikukute kabla hujajiandaa kunipokea. Jumanne tarehe 28 Mei, saa nane mchana, nilishuka Kansanga nikatembea kama ulivyoandika. Sikuuliza mtu. Nililiona kabati la bluu. Nikaona kibao kimeshikwa na mifereji miwili na skrubu moja ubavuni, kazi yangu kabisa. Na juu yake pameandikwa FALAJA.

Nikabaki ng'ambo ya barabara. Chini ya kibao alikaa mwanamke kijana, amevua viatu, anakula embe kama mtu aliye kwake. Mwendesha boda alipita akamwita, "Mama Falaja, leo mzee amekuachia duka?" Naye akaitika, wakacheka.

Kwa hiyo ni kweli wanachosema hapa Bukavu. Una mke huko, una mtoto, na umempa jina langu ukabadilisha herufi moja ili usihesabiwe umelirudia. Mama alikufa akikutetea. Watu wakisema, alijibu, "Huyo ni mtu wa vitabu, anakaa na vitabu vyake." Nilikuwa nabishana naye. Nilimwambia hakuna mwanamume anayekaa miaka ishirini na mitatu na vitabu. Sasa sina hata furaha ya kuwa nilisema kweli.

Nilipanda basi la jioni hiyo hiyo. Kifua kimerudi. Usiniandikie.

Faraja, kwa R


Kansanga, Kampala
23 Juni 2024

Binti yangu Faraja,

Pole ya kifua, na pole ya safari. Umesema nisikuandikie. Naandika hii moja, kisha wewe ndiye utakayeamua.

Tarehe 28 Mei saa nane mchana nilikuwa nimelala chali hospitalini, daktari ameniinamia. Sikukwambia kweli kuhusu maandishi makubwa. Nilikuwa na mtoto wa jicho, kulia na kushoto, kwa miaka miwili. Ndiyo maana sikuweza kusoma, ndiyo maana nilizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Huyo ndiye mtoto pekee niliyempata Kampala, na wamemtoa.

Bandeji ilipofunguliwa nilirudi nyumbani kwa miguu, nikisoma kila kibao cha barabarani kwa uroho. Nilipofika kwangu nikasoma changu. Nilikaa chini kwenye ngazi ya fundi majeneza. Kwa wiki sita nililitazama jina la binti yangu, na nilichokuwa naona ni mwanga mwekundu wenye mafungu sita.

Nikuelezee kosa, maana si la hila. Hapa L na R wanakaa nyumba moja. Katika Kiganda sauti hiyo huandikwa R ikitanguliwa na E au I, na kwingineko kote ni L. Wewe una A kabla ya R yako. Sharifah aliandika sawasawa, kwa sheria ya kwao. Nilimwita nikamwonyesha herufi ya tatu. Akasoma, "Falaja." Nikaandika jina lako vizuri kwenye karatasi. Akasoma, "Falaja." Akaniuliza kwa upole, "Mzee, sasa ugomvi uko wapi?" Kwake nilikuwa nalalamikia kitu ambacho hakipo.

Sharifah ni mke wa Ocaya, polisi wa kituo cha hapa. Huniangalizia kabati nikitoka. Na hapa mtu huitwa kwa kibao cha mlango anaokalia. Mke wa muuza rangi wanamwita Mama Langi. Ocaya mwenyewe sasa wanamwita Baba Falaja, na amenilalamikia.

Kuhusu mazishi ya mama yako. Nilikwambia kwenye simu kwamba karatasi za ukimbizi haziniruhusu kurudi. Kweli haziruhusu. Lakini watu wamevuka na karatasi mbaya kuliko zangu. Niliogopa kusimama kaburini watu wakaulizana, mzee huyu ni nani, na wewe ukawa miongoni mwao. Nilisema nitakaa mwezi mmoja Kampala. Kila mwaka uliopita ulifanya njia ya kurudi iwe na aibu zaidi, mpaka nikaifanya aibu kuwa makazi. Mama yako alisema kweli kuhusu vitabu. Wewe ulisema kweli kuhusu gundi.

Jana nilifungua ile skrubu moja. Kibao kikateleza nje kizima. Nimechora kingine kwa mkono wangu, R yenye mguu ulionyooka kama tulivyofundishwa, na nimekiingiza.

Papa yako


Nyawera, Bukavu
21 Julai 2024

Papa yangu,

Sisi wazima, kifua pia. Macho je? Unaweka dawa kwa saa zake? Usikae mbele ya taa ya kibao muda mrefu, na toboa matundu mawili ya hewa nyuma ya boksi, nilisahau kukwambia.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza sikuiamini. Mara ya pili nilimsomea mama mkubwa Hortense, naye akalia na kusema laiti dada yake angeisikia. Mara ya tatu nilifika pale kwenye mtoto wa jicho nikacheka peke yangu kwenye karakana, wateja wakaniangalia. Ya nne nilisoma sehemu ya kaburi tu. Ningekuuliza wewe ni nani, ndiyo. Halafu ungenijibu. Ungekuja tu.

Ile ya L umeitupa? Usitupe. Niliichukia barabara nzima mpaka mpakani, lakini ndiyo iliyokushikia mahali wiki zote hizo. Na kama watu wote wa hapo wananiita hivyo, basi hapo ndilo jina langu. Wewe pia hukuwa Mzee Mkongo hapa kwetu.

Nakuja Jumamosi tarehe 10 Agosti. Usije kituoni, nataka nifike mwenyewe. Safari hii nitauliza, na nitauliza kwa kinywa cha huko. Najizoeza. Watoto wananiambia L yangu ni kama mtu mwenye pipi mdomoni.

Binti yako


Kansanga, Kampala
Jumamosi, 10 Agosti 2024, saa nane mchana

Binti yangu,

Barua hii haina wa kuibeba. Jean-Claude yuko njiani kama wewe, na wewe ukifika haitahitajika. Lakini nimefagia mara tatu, nimekunja magazeti, nimepanga vitabu kwa urefu halafu kwa lugha, na mikono imebaki bila kazi. Asubuhi nilikwenda mpaka kwa muuza mkaa nikarudi bila mkaa. Fundi majeneza ameniambia nikae chini, nampotezea vipimo.

Kibao cha L sikukitupa. Kilikuwa kimeegemea ukuta, uso ndani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Ulipoandika, nilitengeneza mifereji mingine miwili, nikaifunga nyuma ya boksi, nikasogeza taa katikati. Matundu ya hewa nimetoboa ubavuni. Nimelisogeza kabati kidogo mbali na dirisha langu, kwa hiyo sasa lina nyuso mbili. Anayetoka barabarani anasoma FALAJA. Aliyekaa ndani, kwenye kiti changu, anasoma FARAJA. Sharifah amezunguka mara mbili akisoma pande zote, akasema nimepoteza pleksi nzuri kuandika neno moja mara mbili.

Chakula kipo. Sijui kama bado unakula sombe, majani yetu ya muhogo, au ni mimi tu niliyebaki na mtoto wa miaka tisa. Nimenunua pia mkate, kwa tahadhari.

Nilitaka kukuandikia jambo moja kuhusu mwaka ule niliotoka, kwamba nilikuaga ukiwa umelala na

Kuna mtu nje. Mwanamke. Anamuuliza Sharifah, "Samahani, dada, mashine ya Falaja ni wapi?" Sharifah anamwambia ndiyo hii hapa, amesimama mbele yake. Na yeye hatikisiki, anauliza mara ya pili, polepole, na ile L anaiweka juu ya ulimi kwa uangalifu mkubwa, kama kitu alichoazimwa.

Kansanga nzima hakuna anayeisema hivyo.

Naweka kalamu.

Papa yako