Kitufe Chekundu cha Mama Mkwe

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako haraka, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kreti la mikate huku stoo, mlango nimeufunga, kwa sababu huko nje wananiita Daktari na jina hilo linanichoma.

Mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha mikate, nina mke na mtoto mmoja, na mama mkwe wangu anafanya kazi hapa hapa kwenye mashine kubwa ya kukanda unga, tena yeye ndiye aliyeniombea kazi, kwa hiyo unaweza kuelewa heshima ninayompa, hata chai siwezi kunywa mbele yake nikiwa nimekunja nne. Sasa wiki mbili zilizopita mashine yake iligoma. Mota yake inaendeshwa na kisanduku tunachokiita draivu, na ndani ya kisanduku hicho kuna safu ya vishimo vya kufungia nyaya nyembamba za kupeleka amri, washa, zima, ongeza mwendo, na viwili kati yake vinakwenda kwenye kile kitufe kikubwa chekundu cha dharura, ambacho waya wake ukikatika draivu inadhani mtu amekibonyeza na inakataa kazi. Ndivyo ilivyokuwa, waya ulikuwa umekatika mahali fulani chini ya sakafu, kuutafuta ni nusu siku, unga umeshalowa, bosi amesimama nyuma yangu anahema, mama mkwe anawaambia wenzake "ngojeni mumwone mkwe wangu," basi nikachukua kipande cha waya cha urefu wa kidole nikaviunganisha vile vishimo viwili moja kwa moja, sisi mafundi tunaita kupiga daraja, mashine ikanguruma, watu wakapiga makofi, mama mkwe akapiga vigelegele, na tangu hapo nikawa Daktari wa mashine.

Niliapa moyoni kwamba kesho nitarekebisha. Kesho yake bosi akatangaza kuwa Ijumaa ya wiki hii ananipandisha cheo.

Tatizo ni kwamba kitufe chekundu sasa ni pambo. Ukikibonyeza hakizimi kitu, na hakuna anayejua ila mimi. Mama mkwe anakiamini kuliko kitu chochote humu ndani, kila asubuhi anakifuta kwa kitambaa, halafu siku hizi ameanza kuingiza mkono kwenye beseni kubandua unga ulioganda huku mashine inazunguka, nikimwonya ananijibu, "Nikinaswa si nabonyeza hapa? Si umeshatengeneza, mkwe?" Nimejaribu kumsogeza kwa adabu, nikamwambia, "Mama, hamia kule kwenye kufunga mikate, kule kuna viti." Jioni akampigia simu mwanawe: "Mumeo ananiona nimezeeka." Mke wangu kanuna, leo siku ya nne, ananitengea chakula bila kunikaribisha. Nikabandika karatasi juu ya kitufe, USIGUSE, mama mkwe akaibandua akaniletea mkononi na kusema, "Kuna mjinga anachezea kitufe chako."

Swali langu ni hili, nimbembeleze vipi mama mkwe akubali kukaa kwenye kufunga mikate bila kuudhika, angalau mpaka Ijumaa ipite? Tafadhali usinitaje, karakana yetu hufungulia redio kipindi chako kila siku saa nne. Namba ya nyumbani nimeiweka chini kama utaihitaji.

Ni mimi, Daktari wa uongo.

JIBU

Daktari, pole. Nimeanza na pole kwa sababu naona unaumia, na mtu asiye na utu asingeumia. Pole yenyewe imeishia hapo, sasa nisikilize.

Umeniuliza habari za mama mkwe, lakini mama mkwe hana tatizo lolote. Anafanya kazi yake, anafuta kitufe chake, na anamwamini fundi aliyeoa kwake. Mwenye tatizo ni wewe, uliyepiga daraja ukitegemea kupandishwa daraja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila wewe umezidi, maradhi ni yako na kifo umempangia mwingine.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa majokofu, na kila kitu alikimalizia kesho. Nilimpenda sana, lakini mpaka leo jikoni kwangu kuna nyaya tatu zinaning'inia ambazo sijui zinaelekea wapi, na nikipika nazipitia mbali. Kwa hiyo kesho ya fundi usinifundishe, naijua.

Fanya hivi. Zima swichi kuu, ipige kufuli, ufunguo utie mfukoni mwako. Toa hicho kipande cha waya. Tafuta palipokatika hata kama ni siku nzima, mikate ichelewe, watu watakula viazi. Ukishafunga sawasawa, washa mashine tupu, ubonyeze kitufe mbele ya wote, na isimame. Iwashe tena, mama mkwe naye abonyeze mwenyewe. Kisha mwambie bosi yote uliyoniambia mimi, bila kupunguza, na cheo kikienda, kiende. Mkeo naye mweleze kwamba hukumwona mama yake mzee, uliogopa kusema ukweli. Atakasirika upya, lakini safari hii kwa sababu ya haki.

La mwisho. Kwa miaka kumi na tisa sijawahi kutoa siri ya mtu aliyeniandikia. Leo nimeitoa. Barua yako niliifungua saa mbili asubuhi, kipindi ni saa nne, na nilipofikiria ule mkono utaingia kwenye beseni mara ngapi katika saa hizo mbili, nikashika simu. Mkeo ndiye aliyepokea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "asante, Bibi," akakata. Baada ya dakika tano akanipigia kunijulisha kwamba mama yake ameizima mashine kwa swichi ya ukutani na amekataza mtu yeyote kuigusa wala kukuambia, kisha mama huyo akamuuliza saa nne huwa mnasikilizia wapi redio. Mkeo amemwelekeza karakana.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta dirisha la kutorokea, mwanangu. Punguza sauti ya redio, vua kofia, ugeuke. Yuko mlangoni, na mikono yake yote miwili iko kiunoni.