Usiutafute Mchi

Zuena mwanangu,

Usiutafute mchi, nimeondoka nao. Makopa ya muhogo yako juani kwenye ungo. Ukiona wingu, yaingize. Kuku mweupe anataga, usimfukuze jikoni.

Nimekwenda uwanjani. Timu ya Ruangwa imeshafika, nimesikia honi ya lori lao. Tangu uwanja ule ulipofyekwa, enzi za mashamba ya karanga ya Waingereza, sijakosa mechi yetu nao hata moja, na mguu wangu ulikuwa hivi hivi.

Asubuhi umenifichia mkongojo, ukaniambia, "Baba, ukikanyagwa tena nani atakubeba?" Uliniumiza. Kweli, mwaka jana watu walivamia uwanja baada ya bao, nikarudishwa kwa machela. Lakini mguu ni wangu, na lile bao nililiona.

Basi natembelea mchi wa marehemu mama yako. Njia nzima watanicheka, mwanamume mzima na mchi kwapani. Wacheke.

~~Nitarudi kabla ya magharibi.~~ Sirudi mpaka unifuate.

Mkongojo nimeuona ulipokwenda kisimani, nyuma ya magunia ya ufuta. Nimeuacha palepale makusudi. Ukitaka kutwanga unga wa jioni, niletee tubadilishane. Nitakuwa nyuma ya goli, upande wa mkorosho mkubwa. Hujawahi kuja hata siku moja.

Nimekuwekea nafasi kushoto kwangu, upande ninaoangukia.

Baba yako