Tela la Marehemu Baba Linatingishika

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi. Baba, marehemu mzee Raphaeli, alifia ndani ya tela la nyumba aliloachiwa na mtalii hapa Matema, lenye kitanda na jiko, na mama amekataa kulala kwingine, hivyo nimeamua kulivuta mpaka kwangu Tukuyu kwa gari langu la juu la ukubwa wa kati, na mimi si mtu wa kubahatisha, nimepima upepo wa matairi, nimekaza kila nati, vyungu vya mama na magunia ya mpunga nimeyapakia nyuma kabisa kama tunavyopakia mtumbwi ili pua inyanyuke, lakini Jumapili tulipolijaribu kuelekea Ipinda, tukiteremkia daraja, gari likawa jepesi nyuma kama linaelea, na tela likaanza kutingishika kushoto, kulia, kushoto, kulia, taratibu kama mtu anatembea humo ndani, na nikikanyaga breki ndiyo anakimbia.

Mke wangu Nancy, mzaliwa wa Makwale, akapiga kelele, "Baba anagoma kuhama! Ninyi watu wa ziwani mmezidi!"

Tuliposimama, ndani hapakuwa na mtu. Mama akashuka garini, akaingia telani, akakaa kitandani, nikamsikia akisema "ndaga", yaani asante, kama aliyepewa kikombe cha chai. Kisha akaniambia, "Mwanangu, Jumamosi napanda humu. Baba yako hawezi kusafiri peke yake."

Je, nimkubalie?

Lameck

Lameck, pole kwa msiba. Jibu ni hapana.

Umekaza nati zote ukasahau kwamba tela si mtumbwi! Likilemewa nyuma, pua yake inanyanyua gari, matairi ya nyuma hayashiki barabara vizuri, na mkia unaanza kucheza. Nadhani huyo ndiye mliyemsikia. Vyungu na mpunga vipande lori. Kitakachobaki kikae juu ya ekseli na mbele yake kidogo, pua ililalie gari kwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela. Soma kitabu cha gari ujue linaruhusiwa kuvuta uzito gani, kisha lipeleke tela kwenye mzani, taratibu, likiwa na mzigo wake wa safari bila mtu ndani. Likizidi hata kidogo, kodi gari kubwa. Wewe unawaza mlima wa Tukuyu. Mimi nawaza miteremko. Tela lina breki zake? Kama hazishiki, haliondoki.

Na ndani ya tela linalovutwa hapandi mtu aliye hai. Mwambie mama kwa heshima, umpe kiti cha mbele, Nancy akae nyuma na maneno yake. Akikataa kushuka, usibishane naye. Jumamosi ipite.

Kama mzee Raphaeli yumo au hayumo, sijui. Ila mama akiwa humo, funguo za gari zibaki mfukoni mwako.