Mama wa Kwenye Video

12 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limeacha vituko vyake. Mimi sijambo. Hapa kliniki wagonjwa wa meno wanafurika, na mwanao ndiye anayekaa mapokezi kuwaambia wasubiri huku wameshika mashavu. Wananitazama kama mimi ndiye niliyewatoboa hayo meno.

Mama, mafuta yamekwisha. Ile katoni uliyompa dereva wa basi haikumaliza hata wiki. Unakumbuka nilipokuambia nimefungua ukurasa mtandaoni wa kuuza mafuta yako ya nywele, ukasema ni mchezo? Mwanzoni kweli ulikuwa mchezo. Nilikuwa naposti picha ya chupa, kesho naposti picha ya chupa ileile imegeuzwa. Walionunua ni wenzangu wa kazini, tena kwa kunihurumia. Nikalipia tangazo, likawafikia wanaume wenye vipara wanaotaka miujiza, wakaja kunitukana.

Sasa nimepata dawa yake. Watu hawanunui chupa, wananunua hadithi. Nimeweka video fupi ya kueleza jinsi nywele zangu zilivyonyonyoka nikiwa mdogo na jinsi mafuta ya mama yalivyoniponya. Tangu hapo simu haipumui. Nikitoka kazini nafunga mizigo mpaka vidole vinakufa ganzi.

Pika mengi, tafadhali. Na mtu akikuambia kitu kuhusu hiyo video, usimjali. Mambo ya mtandaoni yana mbwembwe zake.

Mwanao akupendaye


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanisalimia kila nikiinuka. Mdogo wako mzima, anakula kama ana mkataba. Nimempa dereva katoni mbili, na barua hii nimeiweka juu ya chupa ili uione kabla hujaanza kufunga mizigo yako.

Juzi nilikuwa namsuka Mama Mapacha, jirani yetu. Nimefika nusu ya kichwa, akainua simu yake juu ya bega nione. Akauliza, huyu si binti yako? Na huyu anayemwita mama ni nani?

Nikaangalia. Mwanamke ana nywele nyeupe safi kama pamba, ana bangili mpaka karibu na kiwiko, amekaa kwenye kochi. Wewe umekaa chini, katikati ya magoti yake. Anachovya kidole kwenye chupa yangu, chupa niliyoiosha kwa mikono yangu, anakupaka kichwani na kusema kwa sauti ya kubembeleza kwamba haya ndiyo mafuta aliyompikia mwanawe. Na wewe unasema, "Asante, Mama."

Nikamwambia Mama Mapacha kwamba huyo ni shangazi yako. Akasema mbona shangazi zako wote anawafahamu. Mstari niliokuwa nasuka ulikwenda upande kama umelewa, ikabidi niufumue wote nianze upya, na mwenye kichwa analalamika.

Nina swali moja tu. Huyo ni nani?

Mama yako, yule wa kukuzaa


27 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mafuta yamefika salama, hata chupa moja haikuvuja. Pole kwa kuyaona yale kwenye simu ya mtu. Nilitaka nikueleze mwenyewe, nikawa naahirisha.

Yule ni mama mwenye nyumba. Ndiye aliyenipangisha hiki chumba, tumepakana ukuta. Ni mstaafu, watoto wake wako mbali, na akiona mtu wa kuzungumza naye anafurahi. Mama, mimi nilianza kwako. Nilipokuja likizo nilishika simu nikupige picha ukipika, ukajifunika taulo usoni, ukasema sura yako si bango. Nilikuomba mara ya pili ukanifukuza na mwiko. Sasa ningefanyaje? Hadithi ni ya mama, na mama hayupo. Nikaazima, kama tulivyokuwa tunaazima viti kwa jirani wakija wageni.

Ni maigizo tu. Ila watu wamempenda ajabu. Wanaandika chini ya video, "Mama ana upole," "Mama ana baraka," na wengine wanaomba ushauri hata wa ndoa. Sasa wanataka aje laivu, wamuulize maswali yeye akijibu papo hapo. Tumepanga Jumamosi ya wiki ijayo. Hapo ndipo biashara itapaa, naona kabisa. Nikitoka hapo huenda nikaaga mapokezi.

Kwa hiyo usikunje sura, Mama. Nitumie katoni nyingine, kubwa.

Mwanao


6 Machi

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Mafuta hakuna.

Kiti cha jirani tulikuwa tunakiazima na kukirudisha jioni hiyohiyo, na hakuna siku tulikiita chetu. Wewe huyo unamwita Mama, na unamwita vizuri. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, tena chupa yenyewe yangu.

Sitazunguka. Nina wivu. Mtu mzima kama mimi, nina wivu mpaka chakula hakipiti. Siku hizi nakwenda kwa Mama Mapacha bila shughuli yoyote, nakaa, naongea habari za mvua, halafu namwambia hebu weka tena ile. Bangili zake zinanikera. Sauti yake inanikera. Nilikaa kumtafuta kasoro, nikaona ana kucha nzuri, na zenyewe zikanikera. Baraka, upole! Mimi hapa nimekosha vichwa vya watu mpaka mikono imechubuka, wewe mwenyewe nikiwa nakusuka ulikuwa unaniita askari.

Hao watu wanaomsifu, moshi wa jiko langu haujawaingia machoni. Mwambie huyo mama yako apike.

Ndimi,
Mpishi


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya. Sikuwa naumwa. Nilikuwa na aibu, na barua yako ya mwisho nilikuwa naisoma, naikunja, naisoma tena.

Ukurasa umekufa. Nakueleza mwenyewe kabla Mama Mapacha hajakuonyesha.

Laivu ilianza vizuri. Mama mwenye nyumba alipendeza, salamu zikamiminika. Halafu mwanamke mmoja akaandika kwamba mtoto wake nywele zinatoka mafungu mafungu, halali usiku, anajikuna mpaka damu. Akauliza, Mama, za mwanao zilianza upande gani, na zilichukua muda gani kurudi? Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kamera. Nikaanza kujishika kisogo ili mama mwenye nyumba anione. Hakuniona, miwani alikuwa ameivua ili apendeze. Akatabasamu kwa upole wake wote akasema, "Sijui, mwanangu. Alipohamia kwangu nywele alikuwa nazo."

Mama, dunia ilisimama. Halafu maoni yakaanza kushuka. Alipohamia? Mama gani huyo mwanawe anahamia? Kabla sijazima, kuna mtu alishakata kipande hicho na kukisambaza. Waliokuwa wameagiza wakajitoa. Sasa jina langu ni Mama wa Kukodi. Jana mgonjwa mmoja pale mapokezi, shavu limevimba kama andazi, hawezi hata kufumbua mdomo vizuri, akajilazimisha aniulize kama ni mimi. Kisha akacheka, na meno yakamuuma, nikaona tumelipana.

Nimefikiri sana nilipokosea. Nilisema watu wananunua hadithi. Si kweli. Yule mwanamke hakuwa na haja ya hadithi, alikuwa na mtoto anajikuna. Alitafuta mtu anayejua, nikamwekea mtu anayependeza.

Na kuna jambo limenikosesha raha kuliko yote. Nilipokuwa najishika kisogo, nilikuwa nabahatisha. Hata mimi sikumbuki. Mama, zilianza upande gani?

Mwanao


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Goti leo limenyamaza, sijui linaogopa nini.

Nisikufiche, niliposoma nilifurahi. Nilifurahi tangu asubuhi, nikasuka wateja huku naimba, mpaka wakaulizana kama nimeposwa. Nilimwambia Mama Mapacha aniwekee hicho kipande cha "sijui, mwanangu" na nikakitazama nikila karanga. Mchana furaha ikaniisha. Nilimkumbuka huyo mwenye mtoto.

Zilianza juu ya sikio la kushoto. Alama ndogo ya mviringo, ina magamba. Nilidhani ni mba, nikapaka mafuta. Ndiyo, haya haya unayouza. Alama ikakua, zikawa nyingi. Nikaongeza mafuta, maana mimi ni msusi, nani ataniambia nini kuhusu kichwa? Kichwa kikawa kama shamba lililoliwa na mbuzi. Mwisho bibi yako alikubeba mgongoni akakupeleka hospitali bila kuniuliza. Daktari akasema ni fangasi, akakuandikia dawa ya kunywa, na akasema mafuta niyaache kabisa mpaka upone. Mafuta nilikupaka baadaye, ngozi iliposafika, ili isikauke. Hiyo ndiyo hadithi. Mafuta yangu yanalainisha, yananukia vizuri, na hayajawahi kumponya mtu. Wewe ulikuwa mdogo, ulipanga mwenyewe kwamba ni mama, na mimi nilikuacha hivyo kwa sababu ilinifurahisha.

Mwandikie huyo mwanamke leo, kabla hujala. Ampeleke mtoto hospitali.

Na kwa kuwa mnapenda kujua nani ni mama, nikuambie lingine. Ulikataa kwenda shule na upara. Nikachukua mkasi, nikakata nywele zangu zote, nikamalizia kwa wembe. Ukaniuliza, na wewe unaumwa? Nikasema ndiyo, tunaumwa wote. Ukaenda shule. Wateja wakahamia kwa msusi mwingine, maana nani atasukwa na msusi kipara? Walirudi nywele ziliporudi. Huyo wa bangili aulizwe kama alinyoa.

Ila wivu wangu haukuwa wa sura, wala wa sifa. Kwenye ile video, alipokushika kichwa, ulifumba macho. Nilitazama mara nyingi nihakikishe. Maigizo hayafumbi macho hivyo.

Mama yako


21 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nimekusoma nikiwa nimekaa stoo ya kliniki, kati ya maboksi ya glavu, kwa sababu mapokezi nisingeweza kulia na kugawa namba za wagonjwa kwa wakati mmoja.

Nilimwandikia yule mwanamke palepale. Alinijibu kwa hasira, nami nikaipokea. Baada ya siku chache akaandika tena kwamba mtoto amepewa dawa na ameanza kulala. Hakununua kitu, wala sikumuuzia. Kisha niliandika ukurasani kwamba yule si mama yangu, kwamba mafuta haya hayaponyi ugonjwa, ni ya kulainisha nywele na ngozi ya kichwa, na mwenye vidonda aende hospitali. Wafuasi walitoka kama wamesikia king'ora. Waliobaki ni wachache, na wachache kati yao wananunua, wanarudi kununua tena, na wananiuliza maswali ya kweli. Sitaaga mapokezi hivi karibuni.

Nikuambie na hili. Habari ya wembe niliiandika yote, vizuri, pamoja na lile swali langu. Nilijua ingewarudisha watu wote na wengine juu yake. Kidole kilikuwa kwenye kitufe cha kuposti. Nikafuta. Ile si ya ukurasa.

Kuhusu macho, sitakudanganya. Sikuwa naigiza. Tangu nije huku kukaa, hakuna mtu aliyekuwa amenishika kichwa. Watu wananigusa mkono nikiwapa kalamu ya kujazia fomu, basi. Alipoweka vidole nilisahau kamera. Nikasema "Asante, Mama," na lilinitoka lenyewe, halikuwa limeandikwa popote. Najua litakuuma. Mama mwenye nyumba ameniambia video au bila video, Jumapili niwe nakwenda kwake anipake. Sijamjibu.

Nimepewa ruhusa kazini. Nakuja mwisho wa mwezi, kwa basi la asubuhi.

Mwanao


25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Limeniuma. Nimekaa nalo siku nzima, na linauma bado.

Huyo mama mpe salamu zangu na chupa mbili za mafuta, za bure, kwa kuwa alikuangalia mimi nikiwa sipo. Mwambie nimemshukuru, na useme kwa adabu. Akushike mkono, akushike bega, akukumbatie akitaka, sina neno. Kichwa hapana. Jumapili mwambie una shughuli.

Njoo na nywele zako zilivyo. Usizioshe, usizichane, usipite kwa msusi yeyote njiani ili uonekane nadhifu. Siku hiyo sisuki mtu mwingine. Mama Mapacha ndiye aliyekuwa na zamu, nimemwambia arudi wiki inayofuata, amenuna. Mwache anune.

Mama