Mulango ya muzee Wellars

Umuhire, acha kila kitu, soma. Dada yangu Verediane amekalia mulango ya baba mukwe wake hapa Bugeshi, anakataa kuinuka.

Ng'ombe ya muzee ilishikwa na uchungu tangu asubuhi, ndama haitoki. Muzee Wellars akasema Mukandori ameiloga. Ule mujane jirani yao. Mbele ya watu, Umuhire.

Verediane si ni veterineri? Akaingiza mukono, akatoa. "Baba, kizazi imejizungusha, njia imefungika." Muzee akacheka. "Mutoto, ile ni ulozi."

Bon. Dada akamushika mukono, akamupaka sabuni mpaka kwa kiwiko. Baba mukwe wake, unasikia? "Ingiza mwenyewe. Unagusa nini?"

Muzee akaingiza, akapapasa, kisha polepole: "Imejisokota kama kamba."

"Mukandori njo ameisokota?"

Muzee akatoa mukono.

Ubao ya kukandamiza tumbo ya ng'ombe haikuwa. Dada akang'oa mulango ya nyumba, ile muzee alinunua Goma, anajivunia nayo. Tukalaza ng'ombe, mulango juu ya tumbo, dada akasimama juu yake ndama isizunguke, wanaume wakaibiringisha upande ule ule kizazi ilizungukia. Mara ya pili njia ikafunguka, maji ikamwagika. Wakavuta ndama. Jike, muzima.

Sasa muzee anadai mulango, baridi inaingia kwake. Dada amemujibu, "Uende kwa Mukandori, umuombe musamaha mbele ya watu wale wale. Utakuta mulango mahali yake."

Umuhire, muzee anatafuta viatu.