Funguo Ziko Chini ya Sahani

Mwanangu,

Funguo za gari ziko chini ya sahani. Usinipe tena, hata nikikuomba. Mwanao yuko shule, tulimalizia kwa miguu. Kumchukua nenda wewe.

Ulinionya: huku tunaendesha kulia, baba, si kama kwetu. Ukabandika mshale kwenye dashibodi. Nikaubandua! Dereva wa malori mzima, nifundishwe na mtoto niliyemfundisha gia?

Asubuhi hii, tulipotoka kujaza mafuta, barabara ilikuwa tupu. Mikono ikanipeleka kushoto yenyewe. Mara basi hilo, uso kwa uso. Nilichepuka nikagonga ukingo. Hatukuumia, ila taa ya mbele imekwisha, na gari nimeliacha pale pale karibu na kituo cha mafuta.

Nimekwenda kubadilisha tiketi ya ndege. ~~Nitarudi jioni.~~ Msiningoje kula. Dawa zangu usizitafute, ninazo.

Gari litatengenezwa. Kinachonimaliza ni mjukuu wangu. Hakulia hata kidogo. Aliniuliza, "Babu, yule wa basi hajui kuendesha, eti?"

Nikamjibu, "Hajui."

Akaniamini. Mwambie ukweli wewe, mama. Mimi nimeshindwa.

Baba yako