Mashati Juu ya Sola

Kaka yangu,

Imeota! Miche ya nyanya imejaa chumbani kwako, na taa zinazoimulika zinawaka kwa sola yetu wenyewe!

Wiki mbili betri ilikuwa haijai. Nikamgombeza fundi wa watu, nikabadilisha nyaya, wapi! Jana mchana natoka uani, kumbe Mama ameanika mashati yako juu ya paneli.

"Si ndipo penye jua kali?" akaniuliza.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakumbuka kwamba mwaka wa nne huu tangu uondoke, na mashati hayo hayajavaliwa na mtu. Mama anayafua kila siku.

Nimemfungia kamba mpya ya kuanikia. Njoo uyaanue.

Dadako,
mkulima wa chumbani